Sanamu ya Kichwa cha Boga

Paukwa!
— Pakawa!
Gogo!
— Gogo la nini?
La mkafuri!
— Lina macho?
Bado!
— Litatutazama?
Likitaka! Sogeeni basi. Aliye nyuma asije akasema hakusikia.

Hapo kale, kale ya mbali, huko Japani, nchi ambayo jua huiamkia kabla halijafika kwetu, palikuwa na fundi wa kuchonga sanamu za mbao, jina lake Kihei. Alikuwa na mke, Otane. Alikuwa na binti, Sayo. Na alikuwa na patasi saba. Mali yake ndiyo hiyo. Mke, binti, na patasi saba.

Lakini patasi zile, wenzangu! Ya kwanza ilikuwa pana kama kiganja. Ya saba ilikuwa nyembamba kama ukucha wa kifaranga. Kihei akigusa mti kwa ile ya kwanza, mti unapata mabega. Akigusa kwa ile ya saba, unapata kope. Watu wa kijijini walikuwa wakiambiana, "Ukipita mbele ya kazi ya Kihei, salimia kwanza. Ikiwa ni mbao, hujapoteza kitu."

Na Kihei alikuwa na desturi yake ya kazi. Alikata mara moja, kwa! Kisha akaweka patasi chini, akapiga magoti mbele ya mti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Akainama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndipo akanyanyuka akakata tena. Mimi nikisema "kata moja", ninyi mnajibu nini?

Kata moja!
— Inama, inama, inama!

Hivyo hivyo. Sayo alipokuwa mdogo alimuuliza, "Baba, kwa nini unainama?"

"Inama, utaona."

"Nitaona nini, baba?"

"Inama, utaona."

"Lakini baba, mafundi wengine hawainami!"

"Inama, utaona."

Mtoto akachoka kuuliza. Akainama tu.

Sasa, juu ya kilima cha nchi ile palikuwa na ngome, na ndani ya ngome alikaa mtawala, Bwana Morikage. Bwana huyu alizoea kukaa juu. Kiti chake kiliwekwa kwenye jukwaa refu, na watu wote walikaa chini yake. Tangu azaliwe hakuwahi kumtazama mtu kutoka chini.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tsurumaru, wa miaka minne. Mtoto mcheshi, anayekimbia ukumbini na kitambaa chake chekundu shingoni kama jogoo. Homa ikaja. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakusema. Siku ya tatu hakuamka.

Bwana Morikage hakulia. Alikaza uso kama mlango uliopigiwa misumari, akatoa amri: "Jina la mtoto huyo lisitamkwe tena ndani ya ngome yangu. Atakayelitamka atafukuzwa nchini." Watu wakanyamaza. Hata mke wake, Bibi Akashi, akanyamaza. Fikirini, jamani. Mama anakatazwa kumtaja mwanawe! Akakificha kile kitambaa chekundu ndani ya mkono wa kanzu yake, na huko kikakaa mwaka mzima.

Hata hivyo Bwana alitaka sanamu moja. Alitaka Jizo.

Jizo ni nani? Nitawaambia. Kwa watu wa Japani, Jizo ni mlinzi wa wasafiri, na zaidi ni mlinzi wa watoto waliokufa wadogo, wasiojua njia ya huko waendako. Kichwa chake kimenyolewa kama cha mtawa. Mkono mmoja ameshika fimbo yenye pete sita, zinalia cheng', cheng', ili sisimizi na minyoo wasikie na kumpisha, asije akawakanyaga. Mkono wa pili ameshika kito mfano wa yai, kinachotoa mwanga, ili mtoto aliyepotea gizani akione. Mikono ya kanzu yake ni mipana, maana humo ndimo watoto wanamojificha wakiogopa. Anasimama juu ya ua la yungiyungi, ua linaloota matopeni na bado likawa safi. Na mguu wake mmoja umetangulia kidogo. Kwa nini? Kwa sababu Jizo hajakaa kungoja. Yuko njiani, anakuja.

Tazama mambo yote hayo yanavyokaa ndani ya kipande cha mti! Mimi kila nikiyafikiria, nastaajabu.

Basi Bwana akamwita Kihei. Mkafuri mkubwa ukaangushwa, mti ambao harufu yake huwafukuza wadudu, ukaletwa ngomeni. Kihei akaunusa. Akaupapasa. Kabla hajaukata hata mara moja, akaugua, akafa. Msiba mwingine huo.

Hazikupita siku saba, fundi mwingine akapanda kilimani. Huyu aliitwa Genpachi. Genpachi alikuwa na patasi arobaini, dhahabu ya kupaka, na mdomo wa kutosha watu watatu.

"Bwana mkubwa," akasema, "pole kwa Kihei. Gogo nipe mimi."

Sauti ikatoka mlangoni. "Gogo lile ni la baba."

Watu wakageuka. Ni Sayo, msichana wa miaka kumi na sita, amebeba patasi saba ndani ya kitambaa. Nyuma yake mama yake, Otane, anamvuta kanzu na kunong'ona, "Mwanangu, twende nyumbani, utatuua."

Bwana Morikage akamtazama kutoka juu. "Wanawake hawachongi."

"Kweli, Bwana. Lakini mwana wa mhunzi asiposana hufukuta. Mimi nimefukuta miaka kumi kando ya baba. Niruhusu sasa nisane."

Genpachi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mpe, Bwana, mpe! Pasua gogo, kila mmoja achukue nusu. Siku mia. Atakayeshindwa amkabidhi mwenzake patasi zake zote."

"Na iwe hivyo," akasema Bwana.

Mnaona mtego? Genpachi akipoteza patasi zake, atanunua nyingine. Sayo akipoteza zile saba, amepoteza baba mara ya pili, na kazi, na chakula. Tena wakiteremka kilimani Genpachi akamnong'oneza Otane, "Jikoni kwangu pana nafasi mbili za kupika wali. Zitawangojea."

Kazi ikaanza. Kwa Genpachi ilisikika kwa-kwa-kwa-kwa, kama mvua ya mawe juu ya bati. Kwa Sayo ilisikika kwa! Kisha kimya.

Kata moja!
— Inama, inama, inama!

Siku ya kumi Genpachi akachungulia juu ya ua wa kina Sayo. Gogo lake lilikuwa limeshapata kichwa na mabega. La Sayo lilikuwa bado gogo lenye shingo.

"We binti! Unachonga au unasali?"

Sayo akainua patasi.

Kata moja!
— Inama, inama, inama!

Siku ya thelathini akachungulia tena. "We binti! Hata kuku huinama akidonoa, lakini sijaona kuku aliyetoa sanamu!"

Sayo akauma mdomo.

Kata moja!
— Inama, inama, inama!

Siku ya hamsini akachungulia mara ya tatu, na safari hii hakupiga kelele. Alisema taratibu, kwa sauti ya huruma. Na huruma ya mtu kama huyo, wenzangu, inachoma kuliko tusi. "Binti, baba yako alikuwa fundi mzuri. Ila alipoteza nusu ya maisha yake sakafuni. Angeacha kuinama, angekufa tajiri."

Maneno hayo yakamwingia Sayo. Akahesabu siku zilizobaki. Akamtazama Jizo wake, hana uso. Akasema, "Kweli. Hapa nainama tu, na siku zinakwenda."

Akaacha kuinama.

Lo! Kazi ikapaa. Siku ya kwanza akatoa pua. Siku ya pili akatoa mdomo. Siku ya tatu akatoa macho. Uso mzuri ajabu, umenyooka, macho yanatazama mbele, kama mwana wa mfalme. Sayo akasimama mbele yake, akapiga makofi. "Mama! Njoo uone!"

Otane akaja amebeba bakuli la wali wa kumwekea Jizo, kama ilivyo desturi. Akapiga magoti kuweka bakuli chini. Akainua macho. Akakunja uso.

"Vipi, mama? Si mzuri?"

"Mzuri, mwanangu."

"Basi mbona umenuna?"

"Ananidharau."

"Nani?"

"Huyu wako. Mimi nipo hapa chini, yeye anatazama huko juu ya paa. Pua yake nimeiona yote, mpaka ndani. Macho yake sijayaona. Kama ningekuwa mtoto nimepotea, nisingemfuata huyu. Ningemkimbia."

Sayo akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akapiga magoti kando ya mama yake, akainama, paji la uso likagusa mkeka, akainua macho.

Akaona.

Uso ule uliokuwa wa mwana wa mfalme alipoutazama akiwa amesimama, kutoka chini ulikuwa uso wa mtu anayepita bila kukusalimu. Na nani humtazama Jizo akiwa amesimama? Hakuna! Anayemjia Jizo ni mama aliyefiwa, naye amepiga magoti. Anayemjia ni mtoto, naye ni mfupi. Kwa hiyo kila kata lazima ionwe na mtu aliye chini. Baba alikuwa akishuka sakafuni kuitazama kazi yake kwa macho ya mwenye shida.

"Inama, utaona," akasema Sayo. Machozi yakamtoka. "Baba, ungeniambia tu!"

"Angekuambia ungesikia," mama yake akajibu. "Ulitakiwa uone."

Sayo akashika patasi. Akakichonga upya kile kichwa kiiname mbele. Akaliacha paji kubwa, akapunguza kidevu, akazishusha kope zitazame chini. Uso alioupata kwa siku tatu akautengeneza kwa siku arobaini.

Kata moja!
— Inama, inama, inama!

Siku ya tisini na tano mama yake akasimama mlangoni, akashika kichwa. "Mwanangu! Mbona sasa ana kichwa kama boga?"

"Mama, piga magoti."

Otane akapiga magoti. Akatazama juu. Alikaa pale mpaka wali ukaungua jikoni.

Lakini Sayo hakulala kwa mawazo. Kwa Otane ni rahisi. Bwana Morikage je? Yule atamtazama Jizo kutoka jukwaani, toka juu, na toka juu ataona boga. Nani atamwambia mtawala apige magoti? Akimwambia, atakatwa shingo yeye, sanamu na patasi.

Akawaza. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Lakini Sayo alibakiwa na siku tano tu, na huyu wa juu hakuwa na dalili ya kushuka. Ilibidi awekewe kitu huko chini cha kumshusha.

Alfajiri akaenda kwa mtawa wa hekalu la kijijini. "Niandikie jina moja," akamwambia, na akamnong'oneza. Mtawa akafunga mlango kwanza, ndipo akaandika. Sayo akachukua ile patasi ya saba, ukucha wa kifaranga, akalichonga jina lile chini kabisa kwenye ukingo wa ua la yungiyungi, kwa herufi ndogo kama punje za mchele.

Siku ya mia ikafika. Ukumbi ukajaa. Bwana Morikage juu jukwaani, Bibi Akashi pembeni yake, amekunja mikono.

Jizo wa Genpachi akafunuliwa. Mng'ao! Dhahabu kuanzia unyayo mpaka utosi, macho ya kioo, uso umenyooka kwenda mbele. Watu wakasema, "Aaa!" Chini yake Genpachi alichonga jina kubwa la kusomeka toka mlangoni. La nani? La Genpachi.

Jizo wa Sayo akafunuliwa. Mti mtupu, haukupakwa kitu, unanukia kafuri. Bwana akatazama toka juu. Watu wakatazama wamesimama. Mmoja akaguna. Mwingine akakohoa. Wa tatu akashindwa kujizuia. "Boga!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Genpachi akanyoosha mkono kwenye kitambaa chenye patasi saba. "Lete, binti. Na mama yako mwambie mimi napenda wali mkavu."

"Subiri," akasema Sayo. Akakikumbatia kitambaa kile. "Bwana mkubwa, kuna jina limechongwa chini ya miguu yake. Naomba lisomwe, kisha uhukumu."

"Jina lako, bila shaka," akasema Bwana.

"Siyo langu, Bwana."

Bwana akamwashiria karani wake. "Soma."

Karani akasogea. Herufi ni ndogo, akapiga magoti, akaweka uso karibu na sakafu. Akasoma moyoni. Rangi ikamtoka. Akainua macho akakutana na uso wa Jizo, akabaki vile vile.

"Soma!"

"Bwana wangu, siwezi."

Bwana akamwashiria mkuu wa walinzi, mtu wa vita, mwenye kovu shavuni. "Soma wewe." Mkuu wa walinzi akapiga magoti. Akasoma moyoni. Akainua macho. Yule mtu wa vita akafuta jicho kwa ngumi.

"Soma!"

"Bwana wangu, nifukuze nchini, lakini siwezi."

"Ukumbi mzima huu hamna mtu anayejua kusoma?" Bwana Morikage akasimama kwa hasira. Akashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasimama mbele ya sanamu. Herufi hazionekani. Akachutama, hazionekani. Basi akapiga magoti. Mtawala yule, mbele ya watu wote, akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu, akasoma.

Tsurumaru.

Polepole Bwana akainua kichwa.

Na Jizo alikuwa anamtazama.

Yule wa boga hakuwepo tena. Alikuwepo mtu aliyeinama juu yake, kama mzazi anavyomwinamia mtoto aliyelala, kuhakikisha anapumua. Kope zimeshuka kumtafuta yeye. Mikono ya kanzu imefunguka. Mguu umetangulia. Hakucheka wala hakununa. Ni kama alisema, "Ninaye. Amelala. Usiogope."

Midomo ya Bwana Morikage ikatikisika. Ile misumari ya mlango ikang'oka, mmoja, wa pili, wa tatu.

"Tsurumaru," akasema.

Akasema kwa nguvu, "Tsurumaru!"

Akalia, "Tsurumaru, mwanangu!"

Bibi Akashi akashuka mbio. Akapiga magoti kando ya mumewe. Akaingiza vidole ndani ya mkono wa kanzu yake, akatoa kile kitambaa chekundu, kimekunjamana, bado kina doa la uji. Akamfunga Jizo shingoni. Wakakaa pale wote wawili, wakitaja jina la mtoto wao mpaka sauti zikawakauka.

Baadaye Bwana Morikage alimgeukia Genpachi. "Fundi, piga magoti mbele ya kazi yako. Utuambie unaona nini."

Genpachi akapiga magoti, magoti yakalia ka! ka! maana hayakuzoea. Akatazama juu.

"Unaona nini?"

"Bwana… naona kidevu."

"Na nini tena?"

"Na pua, Bwana. Matundu mawili. Na dhahabu ndani ya matundu."

Watu walicheka, jamani! Hata Bibi Akashi, na machozi yake mashavuni, alicheka.

Bwana Morikage akachukua zile patasi saba. Hakumtupia Sayo, hakumtuma mtu. Alizishika kwa mikono miwili, akamwinamia, akampa. Na ile amri ya jina ikafutwa siku hiyo hiyo.

Genpachi je? Na patasi zake arobaini? Sayo alizikataa. "Zote hizo nizifanyie nini?" akasema. "Mimi nina mikono miwili." Basi baada ya mwezi Genpachi akaja kwenye ua ule ule alipokuwa akichungulia. Safari hii akapitia mlangoni.

"Binti… samahani. Fundi Sayo. Nifundishe."

Sayo akamwonyesha mkeka. "Inama."

"Kwa nini niiname?"

Ninyi mnajua atakachojibiwa. Semeni.

— Inama, utaona!

Patasi yangu nimeiweka chini, maranda nimeyafagia. Ikiwa sanamu yangu ni nzuri, ibebeni mkaiweke nyumbani kwenu. Ikiwa ni boga, msiitupe. Pigeni magoti kwanza, muitazame tena.